Mwanafunzi mwenye disleksia si kilaza

"Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo asiyesoma ni mvivu."

Dhana hii huumiza watoto wengi kwa sababu nusu yake ni kweli. Herufi zetu hazina hila. Mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, anaweza kukusomea ba, be, bi bila kosa, ukampa vema na kupita. Sasa mpe "hawakumwandikia". Ataanza ha, wa, ku, atakwama kwenye mwa, na akifika mwisho, mwanzo umeshamtoka. Kinachomsumbua ni kuzitambua sauti zilizomo ndani ya neno na kuziunganisha na herufi kwa wepesi. Kwa Kiswahili, mara nyingi utaliona tatizo katika mwendo kuliko katika makosa: anasoma sawasawa, lakini polepole mno, na anachoka. Kwenye imla "ngoma" inageuka "goma". Kiingereza kikianza, na tahajia zake zisizotabirika, ndipo walimu hushtuka.

Basi mwanzo uwe masikio. Mpigishe makofi kwa kila silabi, mwambie aondoe sauti ya kwanza ya neno, kisha apange herufi kwa vifuniko vya soda. Maneno marefu yakatie kwenye viambishi: ha-wa-ku-mw-andik-i-a. Akishalizoea "hawaku-", atalikuta tena katika maneno chungu nzima. Rudieni kila siku, kidogo kidogo.

"Hana akili." Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mzuri wa hesabu lakini kusoma kukimshinda. Mwalimu wake alisema angekuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. (Sisi tungemwita kilaza, na ofisini tungecheka.)

"Ni macho." Yapimwe, ndiyo. Lakini miwani hurekebisha uoni tu, haitibu disleksia.

"Akariri darasa, atakomaa." Disleksia haiishi kwa umri. Akifundishwa vilevile, atapoteza mwaka na marafiki.

"Kumsomea swali ni kumpendelea." Swali kuhusu mmeng'enyo wa chakula linapima sayansi. Msomee, ajibu kwa mdomo, nawe uandike alichosema. Na kama ni lazima asome mbele ya wenzake, mpe aya hiyo jana yake akaipitie nyumbani.