Tangawizi Haifiki Kwenye Nyuzi za Sauti

Kila msimu wa maigizo ya muziki ya Pasaka na Krismasi unapokaribia, waimbaji wa ridhaa hunijia na sauti zilizokauka na chupa ile ile mkononi: tangawizi iliyopondwa, ndimu, asali, na kwa wengine yai bichi la kienyeji juu yake. Ni walimu, wauguzi, mafundi na wafanyabiashara wanaotoa jioni zao kwa mazoezi kwa sababu wanaipenda sanaa hiyo, na ndiyo maana inaniuma kuwaona wakiendelea kuichosha sauti ambayo imekwisha kuchoka, wakiamini kwamba kinywaji hicho kitapita juu ya nyuzi za sauti, kizisafishe, kizilainishe, na sauti ifunguke kabla ya onyesho.

Hakuna kinachomezwa kinachopita juu ya nyuzi za sauti. Nyuzi hizo zimo ndani ya zoloto, kwenye njia ya hewa, ilhali chakula na kinywaji hushuka kwa umio, ambao uko nyuma ya njia hiyo. Weka kidole juu ya kikoromeo kisha umeze mate, nawe utahisi kikipanda na kushuka. Wakati huo huo kidakatonge hufunika zoloto na nyuzi zenyewe hubanana ili hata tone moja lisiingie. Aliyewahi kupaliwa na chai anao ushahidi wa kutosha, kwa kuwa matone machache tu yaliyopotea njia yalimkohoza mpaka machozi yakamtoka. Hivyo ndivyo mwili unavyokipokea kioevu kinachokaribia nyuzi za sauti, na kama tangawizi ingefika huko kweli, hakuna ambaye angeinywa mara ya pili.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1854 Manuel García, mwalimu wa uimbaji kutoka Uhispania, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, akaziona nyuzi zake mwenyewe zikifanya kazi: zinaachana mtu anapovuta pumzi na kukutana anapotoa sauti. Leo tunajua pia kasi ya kukutana huko. Mwimbaji wa soprano anaposhikilia noti ya La iliyo juu ya Do ya kati, nyuzi zake hugongana mara 440 kwa sekunde. Nikiwaeleza wanakwaya hesabu hiyo, wengi huanza kuelewa kwamba mazoezi ya saa tatu ni kazi kubwa ya misuli na utando laini, na kwamba utando uliovimba kwa kazi hiyo hauponi kwa kumwagiwa dawa ambayo haiufikii.

Mbona basi wengi hukiri kwamba tangawizi imewasaidia? Ukali wake huchochea mate, hupasha koromeo joto na kumfanya mtu asisikie ule mkwaruzo kwa muda, na asali nayo hutuliza kikohozi, jambo ambalo sina sababu ya kulipinga. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo ni ya koromeo peke yake. Mwimbaji hupanda jukwaani akidhani amepona, huimba kwa nguvu zaidi, na kesho yake hana sauti kabisa. Peremende za minti zina hatari hiyo hiyo, kwani hupoza koo na kuficha maumivu ambayo yangemwonya. Kwa mwenye kiungulia hali ni mbaya zaidi: mchanganyiko mkali wa tangawizi na ndimu, ukinywewa usiku baada ya mazoezi kisha mtu akalala, unaweza kuichochea asidi ya tumbo ipande hadi kwenye zoloto, na hapo nyuzi zitaguswa na kitu kutoka tumboni ambacho hakika haziwezi kukistahimili. Ama yai bichi, halina faida yoyote kwa sauti, na lina uwezekano wa kuleta salmonela. Sioni kwa nini mtu ahatarishe siku ya onyesho kwa kuharisha.

Maji husaidia, lakini si kwa njia inayodhaniwa. Huingia kwenye damu kwanza, na kutoka huko ndipo huulainisha utando wa nyuzi, kwa hiyo anayetaka kuimba jioni aanze kunywa asubuhi. Glasi inayogugumiwa nyuma ya pazia itaondoa ukavu wa kinywa tu. Kinachozifikia nyuzi moja kwa moja ni hewa, na kwa sababu hiyo mvuke wa maji matupu unafaa, mradi mtu asijifunike blanketi juu ya sufuria inayochemka, maana watu huungua kwa namna hiyo.

Zoezi ninalolipendekeza kuliko yote linahitaji mrija na glasi ya maji. Tumbukiza ncha ya mrija sentimita mbili hivi ndani ya maji, funga midomo vizuri kuuzunguka, kisha toa sauti kupitia mrija, ukipanda na kushuka taratibu huku mapovu yakitoka bila kukatika. Shinikizo linalorudi nyuma kutoka kwenye mrija huzifanya nyuzi zitetemeke bila kugongana kwa nguvu. Dakika tano kabla ya mazoezi na tano baada yake zinatosha, na ningefurahi kuona kila mwalimu wa kwaya akiliingiza zoezi hili katika ratiba yake badala ya kugawa vipande vya tangawizi mlangoni.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Maji baridi hayaui sauti, kwani nayo hushuka kwa umio kama maji mengine yoyote. Asiyeyapenda asiyanywe, lakini asimnyang'anye mwenzake chupa. Ushauri wa «kuimba kutoka tumboni» unafaa kama kumbukumbu ya kudhibiti pumzi, ila hewa yote iko kwenye mapafu, na anayekaza tumbo likawa gumu huishia kukaza na shingo. Wanaosema hawakujaliwa sikio la muziki mara nyingi hawakufundishwa tu, kwa maana walio na kasoro ya kuzaliwa nayo ya kutotofautisha noti ni chini ya watu 5 katika kila 100.

Wapo pia wanaoamini kwamba mwimbaji hodari hapaswi kuhitaji kipaza sauti hata kinanda na ngoma vinapovuma. Mtu aliye katika kelele hupandisha sauti yake bila kujua, jambo lililoelezwa na daktari Mfaransa Étienne Lombard mwaka 1911, na kwa hiyo kumwambia mwimbaji ajizuie mbele ya spika iliyofunguliwa mpaka mwisho ni kumwonea. Punguzeni ala wakati wa mazoezi. Wapeni waimbaji wakuu nafasi ya kupitia hatua za jukwaani kwa sauti ya chini, na noti za juu ziimbwe kikamilifu mara chache tu kwa jioni moja.

Sauti ikikwisha kukauka, wengi hunong'ona wakidhani wanaipumzisha. Kwa watu wengi kunong'ona kwa nguvu huibana zoloto zaidi, kwa hiyo ni bora kunyamaza, au kusema maneno machache kwa sauti ya kawaida iliyo tulivu. Anayetaka kujua kama nyuzi zimevimba aimbe mstari mfupi wa wimbo anaoujua, kwa noti za juu na kwa sauti laini sana, kila asubuhi. Sauti nzito na kali huweza kutoka hata kwenye nyuzi zilizovimba, lakini ile ya juu na laini hukatika au huchelewa kuanza, na inapokuwa hivyo mazoezi ya siku hiyo yawe ya kusikiliza tu. Mkwaruzo ukizidi wiki tatu, mtu amwone daktari wa masikio, pua na koo, na asiogope kwamba atapasuliwa: hata vinundu vya nyuzi za sauti, ambavyo miongoni mwa watu wazima huwapata zaidi wanawake, kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa mazoezi ya sauti na kubadili namna ya kuitumia.