Taa ya betri haisemi betri imekufa

Hapa Mtwara, taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi ya gari ikiwaka tu, mtu anakimbilia dukani kununua betri mpya. Taa ile inasema chaji haifiki. Pima kwa mita ya volti: gari likiwa limezimwa, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6, injini ikiwaka, mara nyingi 13.8 hadi 14.5. Injini inawaka lakini ikibaki 12 na kuzidi kushuka, kagua mkanda wa injini, altaneta (kifaa kinachochaji betri) na nyaya zake. Na vichwa vya betri, pale nyaya zinapofungwa, jamani! Vya jirani yangu wa Shangani vilikuwa vimeota unga wa kijani. Giaboksi yake ya otomatiki ikang'ang'ania gia moja, akaambiwa ifumuliwe. Kumbe kompyuta ya giaboksi ikikosa umeme wa kutosha hujilinda hivyo. Tulivisugua kwa brashi, tukavikaza, tukafuta misimbo ya hitilafu iliyobaki kwenye kompyuta. Gia zikarudi zote.