Kwa nini albamu ile ile isikike tofauti kwenye sahani mbili?

Ukipita Kenyatta Market kwenye vibanda vya santuri, si ajabu kukuta nakala mbili za The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ndani ya boksi moja. Jalada ni lile lile jeusi lenye prizimu na mwale wa rangi, na nyimbo ni zile zile. Moja muuzaji yuko tayari mwongee bei. Nyingine anaishika kwa mikono miwili: "Hii ni ya Uingereza kabisa, boss. Chapa ya kwanza." Yaani ya toleo la mwanzo kabisa kutoka kiwandani. Na humu Nairobi wako watu ambao tayari wanayo ile ya bei nafuu, wana na ya Japani, na bado watatoa pesa. Je, wanalipia sauti au hadithi?

Vyote viwili, tuseme ukweli. Lakini tofauti ya sauti ipo, na huanza kabla sahani yenyewe haijazaliwa.

Albamu hiyo ilirekodiwa Abbey Road, London, ikatoka Machi 1973. Kinachotoka studio si santuri, ni kanda. Kanda hupelekwa kwa fundi wa kuchonga, ambaye mashine yake huchimba mtaro mmoja mrefu wa mzunguko kwenye bamba la alumini lililopakwa laka. Hapo ndipo mambo huamuliwa. Besi ikiachwa nzito kupita kiasi, mtaro huyumba hadi sindano ya mteja iruke. Upande ukiwa mrefu, mitaro hulazimika kubanana, na ili ibanane bila kugusana sauti hushushwa. Bendi za roki ya progresivu zilimtesa sana fundi huyu, maana hazikujua kufupisha. Supper's Ready ya Genesis, kwenye albamu ya Foxtrot ya 1972, ina dakika 23 hivi peke yake, na bado upande huo wa sahani una kipande cha gitaa kabla yake. Mpe kanda hiyo fundi wa London na fundi wa Tokyo: mmoja atapunguza besi, mwingine atashusha sauti yote. Wote wamefanya kazi yao, na sahani mbili zimeshaachana.

Bamba la laka halichapi kitu, ni laini mno. Hupakwa fedha nyembamba, kisha nikeli ikakuzwa juu yake. Nikeli hiyo ikibanduliwa huwa na matuta pale palipokuwa na mitaro, na viwandani huitwa baba. Kwa baba hutolewa mama, mwenye mitaro tena, na kwa mama hutolewa mihuri kadhaa ya kukandamizia plastiki ya moto. Muhuri huchoka. Baada ya nakala kama elfu moja hivi, kingo za matuta hulegea na sauti za juu, zile za matoazi na za pumzi ya mwimbaji, huanza kufifia. Kwa hiyo hata sahani mbili za kiwanda kimoja, za mwaka mmoja, zinaweza kupishana: moja ilitoka muhuri ukiwa mpya, nyingine ukiwa hoi.

Utajuaje? Achana na jalada kwanza. Inamisha sahani kwenye mwanga, utazame ule ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Kwenye santuri za EMI ya Uingereza, kampuni iliyotoa albamu hii kwa lebo yake ya Harvest, utaona SHVL 804 ikifuatwa na herufi ya upande na namba ya mchongo. Chapa ya kwanza ni A-2 upande mmoja na B-2 upande wa pili, na lebo yake ina pembetatu ya samawati iliyojazwa rangi. Zilizofuata zina pembetatu ya mistari mitupu. Sasa izungushe sahani hadi namba hiyo ikae pale saa ingeonyesha sita. Kwenye tisa kuna tarakimu ya mama. Kwenye tatu kuna herufi za muhuri, na hizi ni fumbo: EMI walitumia GRAMOPHLTD, kutoka Gramophone Limited, G ikiwa 1, R ikiwa 2, hadi D ambayo ni 0. Ukikuta GR, huo ni muhuri wa 12. Ukikuta PAG, ni wa 631, na mimi nisingeilipia bei ya chapa ya kwanza, muuzaji aape asiape.

Baada ya hapo, sikiliza mwisho wa upande wa kwanza. Sahani huzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika bila kubadilika, lakini mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Ukingoni mtaro hupita chini ya sindano kwa karibu nusu mita kila sekunde. Karibu na lebo ni kama sentimita 20 tu, na wimbi lile lile la sauti limefinywa kwenye nafasi ndogo. Pink Floyd waliweka huko ndani The Great Gig in the Sky, sauti ya Clare Torry ikipanda bila maneno. Kwa mchongo mbaya au muhuri uliochoka, sauti yake hukwaruza kama mtu aliyepigwa na homa. Mchongo mzuri humwacha apande. Mwanzo wa upande huo nao una kazi yake: mapigo ya moyo yanayoibuka kutoka kimya hufichua kila punje ya vumbi, na Nairobi vumbi tunalo.

Kuna tofauti nyingine ambayo hakuna muhuri unaoweza kuirekebisha, nayo ni kanda yenyewe. Nchi nyingi zilitumiwa kanda ya nakala, na kila kizazi cha nakala huongeza mvumo na kupunguza makali. In the Court of the Crimson King ya bendi ya King Crimson, ya 1969, ilitolewa tena na tena kwa miaka mingi kutoka kanda za nakala, kwa kuwa kanda halisi ya stereo ilidhaniwa imepotea. Ilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikatoka upya 2004. Miaka mitano baadaye mwanamuziki Steven Wilson akishirikiana na Robert Fripp, mpiga gitaa wa bendi hiyo, walirudi nyuma zaidi, hadi kanda zenye kila ala peke yake, wakazichanganya upya. Hiyo si chapa nyingine tena, ni mchanganyo mwingine, na anayekusanya chapa huiweka kwenye rafu yake peke yake.

Chapa ya Japani ina sifa ya ukimya, plastiki safi isiyotoa sauti za kupasuka-pasuka. Hata kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, ilipotoa mwaka 1979 Dark Side yake iliyochongwa kanda na mashine zikienda nusu ya kasi, ilichapa huko huko Japani. Ila ukimya wa plastiki hausemi kanda ilikuwa ya kizazi cha ngapi, na hapo ndipo wengi hutoa pesa bure.

Nairobi nayo ilichapa santuri. Bendi za Tanzania zilirekodi Radio Tanzania, kanda zikaletwa hapa kuchongwa na kuchapwa, kwa kuwa kule hakukuwa na kiwanda. Chungulia ukanda ule ule kwenye sahani ndogo za River Road: namba zimekwaruzwa kwa mkono hapo pia, na mara nyingine wimbo mmoja una michongo miwili.