Majibu ya lehemu yakiwa mazuri, usiache dawa

Katika kliniki za moyo hapa Dar es Salaam, wanaotutia wasiwasi zaidi si wale wanaokataa dawa. Ni mgonjwa aliyeanza vizuri, akapima tena baada ya miezi mitatu, akaambiwa lehemu (kolesteroli, yaani mafuta kwenye damu) imeshuka, basi akaweka vidonge kando akiamini amepona. Majibu yale yalikuwa mazuri kwa sababu ya dawa. Akiiacha, ndani ya wiki chache lehemu inarudi ilikokuwa.

Chanzo kiko kwenye ini. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na ini lenyewe, wala haitoki yote sahanini. Dawa za statini, kama atorvastatini na rosuvastatini, hupunguza utengenezaji huo na kulifanya ini livute lehemu mbaya kutoka kwenye damu. Ndiyo maana hata mtu mwembamba asiyegusa kitimoto anaweza kukutwa nayo juu. Na haiumi. Wengi hushtukia tu kifua kinabana, au mkono na mguu wa upande mmoja vimepooza.

Ukipewa karatasi ya maabara, tafuta mstari wa LDL. Hiyo ndiyo lehemu inayojijenga kwenye kuta za mishipa. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo tunataka awe chini ya milimoli 1.4 kwa lita; asiye na hatari kubwa, chini ya 3.0 inatosha. Kwa hiyo usijipime kwa namba za jirani. LDL ikishuka kwa milimoli 1, hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi hupungua kwa takriban moja ya tano.

Chakula nacho kina nafasi yake. Chupa ya mafuta iliyoandikwa "haina kolesteroli" isikuhadae, maana hakuna mafuta ya mimea yenye kolesteroli ya maana. Punguza mafuta yanayoganda, mawese, tui zito la kila siku na chipsi mayai za kila jioni. Dagaa, maharage na ugali wa dona vinakufaa zaidi.

Kitunguu saumu na limau tuviache kwenye mboga, havizibui mshipa.

Misuli ikiuma, usiache dawa kimyakimya. Rudi kliniki, dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe. Mwambie daktari pia kama una ujauzito au unapanga kuupata, na kama unapenda juisi ya balungi, kwani huongeza nguvu ya baadhi ya statini mwilini.