North Berwick: mji wa pwani ya Uskoti uliozungukwa na vizibo vya volkano

Wanaoniuliza wafanye nini wakifika North Berwick, mji mdogo ulio kwenye ukingo wa kusini wa mlango wa bahari wa Forth, kilomita 40 hivi kutoka Edinburgh, kwa kawaida hutarajia orodha: mlima wa kupanda, kisiwa cha ndege, ngome, fukwe na viwanja vya gofu. Mimi ni mwanajiolojia, na jibu langu huanzia chini ya ardhi, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachowavuta wageni huko ipo pale ilipo kutokana na volkano zilizozimika takriban miaka milioni 340 iliyopita. Wakati huo nchi tunayoiita Uskoti ilikuwa karibu na ikweta, na majivu ya volkano hizo yalikuwa yakimwagika juu ya mabwawa ya joto na bahari za kina kifupi.

Volkano inapozimika, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, iliyobaki ndani ya koo lake hupoa taratibu na kuwa mwamba mgumu sana, ilhali kuta zinazoizunguka, ambazo aghalabu ni majivu yaliyoshikamana, hubaki laini. Mvua, barafu na mawimbi huziondoa kuta hizo katika muda wa mamilioni ya miaka, na kizibo cha katikati hubaki kimesimama peke yake. Msomaji aliyewahi kuviona vilele vya Batian na Nelion amekwisha kuona jambo hili, kwa maana vilele hivyo vya Mlima Kenya ni kiini kigumu cha volkano iliyokuwa ndefu zaidi zamani. Tofauti ni kwamba Mlima Kenya ni kijana mno ukilinganishwa na miamba ya North Berwick.

Kizibo kilicho rahisi kufikiwa ni North Berwick Law, mlima wa mita 187 ulio nyuma ya mji. Kimo hicho hakitamtisha mtu yeyote, lakini kwa kuwa umezungukwa na mashamba yaliyo karibu tambarare, unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Utazame vizuri kabla ya kuupanda, nawe utagundua kwamba upande wa mashariki una mteremko mrefu wa taratibu ambao upande wa magharibi hauna. Hiyo ni kazi ya barafu ya zama za mwisho za baridi kali, ambayo ilisogea kutoka magharibi, ikakikwangua kizibo kwa mbele na kuyaacha yaliyokuwa nyuma yake yakiwa yamekingwa. Kilima kilichobeba kasri la Edinburgh kina umbo hilohilo kwa sababu hiyohiyo.

Njia ya kupanda huanzia ukingo wa kusini wa mji na huchukua kama nusu saa kwa mtu asiye na haraka. Kileleni kuna mabaki ya ngome ya kale ya Enzi ya Chuma, kituo cha walinzi cha wakati wa vita dhidi ya Napoleon, na tao la taya za nyangumi. Taya zimekuwapo hapo tangu 1709, ila zinazoonekana leo ni mfano wa fibaglasi uliowekwa 2008, baada ya taya halisi kuchakaa na kuondolewa 2005. Mimi humshauri mgeni aanze na mlima huu, kwa kuwa kutoka juu anaweza kuviona visiwa vya Fidra, Lamb na Craigleith vikiwa vimejipanga baharini, vyote vikiwa miamba iliyotokana na magma, na upande wa kaskazini mashariki akakiona kirefu kuliko vyote, Bass Rock.

Bass Rock ni kizibo kama North Berwick Law, isipokuwa hiki kimezungukwa na maji. Kimeinuka zaidi ya mita 100 juu ya bahari, kuta zake zimesimama wima karibu pande zote, na ugumu huo wa kufikika ndio uliokifanya kuwa gereza zamani na pia makazi ya ndege. Ndege hao ni ganeti, ndege wakubwa weupe wa baharini wenye ncha nyeusi za mabawa na kichwa cha rangi ya manjano, na jina lao la kisayansi, Morus bassanus, limetokana na kisiwa hiki. Hufika mwishoni mwa majira ya baridi, jike hutaga yai moja ambalo wazazi hulipasha joto kwa nyayo zao zenye utando, kisha ifikapo Oktoba wengi wao huwa wamekwisha kuondoka, baadhi wakienda hadi bahari ya Afrika Magharibi.

Ganeti anapowinda hujirusha kutoka hewani kama mkuki, wakati mwingine kutoka mita 30 juu, na kuingia majini kwa kasi ya karibu kilomita 100 kwa saa. Mwili wake umeumbwa kwa ajili ya pigo hilo: hana matundu ya pua ya nje, na chini ya ngozi ya uso na kifua ana vifuko vya hewa vinavyopunguza mshtuko. Kutoka kwenye boti ziendazo kisiwani kuanzia bandari ya mji, jambo hili huonekana kwa macho matupu. Harufu ya kinyesi hukufikia mapema, na weupe wa kisiwa, ambao kwa mbali hudhaniwa kuwa chokaa, ni ndege wenyewe pamoja na kinyesi hicho.

Hesabu ya 2014 ilipata maeneo 75,259 ya viota, na hapo Bass Rock ikawa koloni kubwa kuliko yote ya ganeti duniani. Mwaka 2022 homa ya mafua ya ndege iliingia, na hesabu iliyofanywa 2023 kwa picha za droni ilipata maeneo 51,844. Baadhi ya ndege waliougua wakapona wamebaki na alama isiyo ya kawaida: macho yao, ambayo huwa na rangi ya buluu hafifu, yamegeuka meusi. Ukiwa na darubini nzuri, itafute alama hiyo. Wanaotaka kuona pafini, ndege wadogo wenye midomo ya rangi nyingi, waende kati ya Aprili na Julai na waitazame Craigleith, ambako tangu 2007 watu wa kujitolea wamekuwa wakikata mmea mgeni uliokuwa ukiziba mashimo ya viota vyao.

Mkabala na Bass Rock, juu ya genge la bara, ipo ngome ya Tantallon iliyojengwa na ukoo wa Douglas katika karne ya 14. Pande tatu zinalindwa na magenge, kwa hiyo wajenzi walihitaji ukuta mmoja tu mkubwa wa mawe mekundu kuifunga rasi nzima. Ulistahimili mazingirwa ya wafalme wawili, na mwaka 1651 mizinga ya jeshi la Kiingereza la Oliver Cromwell iliubomoa kwa siku 12.

Kwenye fukwe, ratiba ni ya maji kupwa na kujaa. Mtu wa pwani yetu anayejua bamvua atakuwa nyumbani, kwa kuwa hapa pia tofauti ya maji wakati wa bamvua hukaribia mita tano. Kisichozoeleka ni baridi, kwani hata mwezi Agosti bahari hufika nyuzi 14 au 15 tu. Seacliff ndio ufuo ninaoupendelea, kwa sababu ya bandari ndogo ajabu iliyochongwa ndani ya mwamba mwekundu wa mchanga mwaka 1890. Yellowcraig, upande wa magharibi, unafaa zaidi kwa watoto. Gofu nawaachia wajuzi wake.

Sheria ya ardhi ya Uskoti ya 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea katika sehemu kubwa ya ardhi na kando ya maji, mradi asiharibu mazao wala kuingia kwenye bustani za nyumba za watu, na njia ya John Muir Way, yenye urefu wa kilomita 215 kutoka Helensburgh hadi Dunbar, inapita North Berwick. Kinachoweza kuivuruga siku ni ukungu wa baharini wa majira ya kuchipua na kiangazi, ambao huletwa na upepo wa mashariki na kuificha Bass Rock ndani ya dakika chache wakati kilomita chache ndani ya bara jua linawaka. Ukiwa umelipia boti, uliza kabla ya kutoka.

Mwenye gari na siku ya ziada aende mashariki, aipite Dunbar hadi Siccar Point. Huko mwaka 1788 mwanajiolojia wa Uskoti James Hutton, akiwa na John Playfair na James Hall, alifika kwa boti na kuona matabaka ya zamani yaliyosimama wima yakiwa yamefunikwa na mawe mekundu ya mchanga yaliyolala kwa mshazari mdogo, naye akayatumia kama ushahidi kwamba dunia ina umri mkubwa kupita ilivyofikiriwa wakati huo. Kati ya seti hizo mbili kuna pengo la takriban miaka milioni 65. Kutoka juu ya genge zinaonekana vizuri bila kushuka. Mteremko wa majani unaoelekea chini ni mkali, na baada ya mvua mimi huwazuia wanafunzi wangu kuushuka.