Mshahara si jibu la kila kitu: kinachojenga mtazamo wa mfanyakazi kuhusu kazi yake

Wafanyakazi wakianza kuchelewa, kutoroka au kufanya kazi ilimradi siku ipite, viongozi wengi hutaja sababu moja: mshahara mdogo. Wafanyakazi nao wakiulizwa mbele ya bosi hujibu vivyo hivyo, maana mshahara ni lalamiko lisilomgusa aliyekaa mbele yao. Uchambuzi wa mtafiti Timothy Judge na wenzake wa mwaka 2010, uliounganisha sampuli 92 za wafanyakazi, ulipata uhusiano wa 0.15 tu kati ya kiwango cha mshahara na kuridhika na kazi. Katika kipimo hicho, 0 ni kutohusiana kabisa na 1 ni kwenda sambamba bila kupishana.

Takwimu hizo zisitumiwe kukataa nyongeza. Tafiti za aina hii kwa sehemu kubwa zimefanyika Marekani na Ulaya, na mshahara unaoishia katikati ya mwezi ni tatizo linalojitegemea. Wanachoonyesha watafiti ni kwamba mtu hapimi fedha peke yake. Hutazama pia anachopata mwenzake wa kazi ileile, na jinsi hesabu ilivyofanywa.

Hapo ndipo ofisi nyingi huharibu. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Chukua mshahara wa shilingi 585,000 kwa mwezi. Gawa kwa 4.333, yaani wastani wa wiki za mwezi, kupata wa wiki, kisha kwa 45: saa moja ni kama shilingi 3,000, hivyo saa ya ziada ni 4,500. Aliyefanya saa 10 za ziada anadai 45,000. Akipewa 30,000 kwenye bahasha na kuambiwa ni "posho", atahesabu mwenyewe nyumbani, na kuanzia hapo hata makato halali atayatilia shaka. Hati ya mshahara inayoonyesha saa, kiwango na kila kato huondoa sehemu kubwa ya manung'uniko hayo bila kuongeza bajeti.

Hata hivyo, kinachobeba uzito mkubwa zaidi kwa kawaida ni kazi yenyewe. Watafiti Richard Hackman na Greg Oldham, katika miaka ya 1970, walitaja sifa tano za kazi inayoridhisha: kazi kutumia ujuzi wa aina mbalimbali, kuwa na mwanzo na mwisho unaoonekana, kuwa na maana kwa watu wengine, kumpa mtu nafasi ya kuamua, na kumwezesha kujua amefanyaje. Karani wa masjala anayegonga mihuri kutwa nzima, asijue faili linaishia wapi, hana karibu hata moja. Mpe mafaili ya kundi moja la wateja tangu yanapofunguliwa hadi yanapofungwa, awapigie simu mwenyewe jibu likitoka, na aruhusiwe kurekebisha makosa madogo bila kusubiri saini. Cheo ni kilekile, mshahara uleule. Lakini angalizo: akiongezewa rundo la mafaili bila uhuru wowote, huko ni kumtwisha mzigo tu.

Sehemu nyingine ya mtazamo huo mtu huja nayo mwenyewe. Utafiti wa mwaka 1989 wa Richard Arvey na wenzake, uliohusu mapacha wa kufanana waliolelewa mbalimbali, ulikadiria kuwa takribani asilimia 30 ya tofauti za kuridhika na kazi kati ya watu hutokana na vinasaba walivyorithi kwa wazazi. Meneja asijifiche nyuma ya hilo. Kinachobaki ni kingi.

Ukitaka kujua hali ya mahali pako, tumia hojaji fupi ya sentensi 20 hadi 25 zinazogusa kazi yenyewe, malipo, kupanda cheo, msimamizi na wafanyakazi wenza, kila moja ikijibiwa kwa alama 1 hadi 5. Sentensi moja ibebe jambo moja. "Msimamizi wangu ni mwadilifu na hunisikiliza" ni maswali mawili, na aliye na msimamizi mwadilifu asiyesikiliza hana pa kuweka alama.

Siri huvuja hata bila majina. Ukiuliza umri, jinsia na idara kwenye zahanati yenye wauguzi watatu, umeshawataja. Usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya 8. Liunganishe na jingine. Usitosheke na wastani pia: wastani wa 3 unaweza kuwa wa idara ambayo wote wamejibu 3, au ya nyingine ambayo nusu wamejibu 1 na nusu 5, na idara hizo mbili hazitibiwi kwa dawa moja.

Kosa kubwa kuliko yote ni kukusanya majibu na kunyamaza. Hojaji ijayo itajazwa 3 kila mstari. Rudisha matokeo ndani ya mwezi mmoja, chagua mambo mawili, taja nani atayashughulikia na hadi lini. Lililo nje ya uwezo wako, kama ngazi za mishahara zinazopangwa makao makuu, liseme wazi. Baada ya mwaka, uliza maswali yaleyale kwa maneno yaleyale ili alama ziweze kulinganishwa.