Madude na maroboti yanakuja tena: yale watu wanasema kabla muvi haijatoka, na ukweli wake

Basi imeshaanza. Tangu watangaze kwamba Godzilla x Kong: Supernova imepangwa kutoka Machi 2027, kwenye maduka ya kujaza muvi kwenye flashi hapa Kampala maneno ni yale yale ya kila mara dude kubwa likikaribia kutua, oh ni kopi, oh ni ya watoto, oh picha zake za kompyuta. Shaka ni haki yako, hela ya tiketi ni yako na ya boda ya kurudi usiku ni yako, lakini kinachoniuma ni kwamba shaka zenyewe karibu zote zinagonga mahali ambapo hakuna kosa, na pale penye hatari ya kweli hakuna anayepagusa. Nimeamua kuzijibu hapa, na mfano wangu mkubwa utakuwa Pacific Rim ya 2013, ile ya watu wanaoendesha maroboti makubwa kupigana na madude ya baharini, maana ile ilisemwa vibaya hata kabla mtu hajaiona.

"Maroboti makubwa? Hiyo si Transformers tu"

Hii ndo ya kwanza kila mahali. Mtu akiona roboti refu kuliko jengo anasema Transformers, kesi imeisha. Sasa tuhesabu miaka. Muvi ya Transformers ya Michael Bay, ile ya magari yanayogeuka maroboti, ni ya 2007, na vile vidoli vya Hasbro vilianza kuuzwa 1984. Wajapani walikuwa na roboti kubwa kwenye vitabu vya katuni toka 1956, Tetsujin 28-go ya Mitsuteru Yokoyama, mtoto analiongoza kwa rimoti. 1972 Go Nagai akaleta Mazinger Z, hapo mtu anaingia mwenyewe kichwani mwa roboti na kuliendesha, alafu 1974 kampuni ya Toho ikamtengenezea Godzilla adui wa chuma, Mechagodzilla. Yaani dude la nyama kupigana na dude la chuma ni kitu cha zaidi ya miaka hamsini, kina wazee wake, na Guillermo del Toro, aliyeielekeza Pacific Rim, hakuwaficha hao wazee, mwisho wa Pacific Rim ameandika kabisa kwamba muvi ni kwa heshima ya Ishirō Honda na Ray Harryhausen.

Na hata ukiacha miaka, kazi ya roboti ni tofauti. Kwenye Transformers roboti ni kiumbe, linaongea, lina hasira zake. Kwenye Pacific Rim roboti ni chuma kilichokufa mpaka waingie watu wawili, kwa sababu mzigo wa kuliendesha ni mkubwa mno kwa ubongo mmoja, kwa hiyo akili zao zinaunganishwa na kila mmoja anaona kumbukumbu za mwenzake, aibu zake, vifo alivyoviona. Ukikosa kumwamini mwenzako roboti linasimama tu pale. Mwenye kusema hiyo ni kopi naomba anionyeshe ilikopiwa wapi kwenye magari yanayogeuka.

"Ni za watoto, hamna stori"

Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani walilipua bomu la haidrojeni kule Bikini, kwenye bahari ya Pasifiki. Meli ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryū Maru, ilikuwa inavua samaki mbali na pale, nje ya eneo ambalo watu walikuwa wamekatazwa, na majivu yenye sumu yakawaangukia wavuvi wote 23 kama mvua. Wakarudi nyumbani wakiwa wagonjwa, na Septemba mwaka huo huo mtu wao wa redio, Aikichi Kuboyama, akafa. Tarehe 3 Novemba 1954, yaani kabla hata mwaka haujaisha, Gojira, yaani Godzilla ya kwanza kabisa, ikaingia kwenye majumba ya sinema, na inaanzaje? Inaanza na mabaharia kwenye meli, mwanga mkali unatokea baharini, na meli inaungua na kuzama. Banange, fikiria umekaa pale Tokyo mwaka ule, taarifa ya habari bado iko kichwani, halafu unaona hiyo.

Na aliyeielekeza, Ishirō Honda, alikuwa askari, aliporudi kutoka vitani China mwaka 1946 alipita Hiroshima akaona ilivyobaki. Ndani ya muvi kuna mama amekaa chini amewakumbatia wanawe wakati mji unawaka, anawaambia karibu tutakuwa na baba yenu. Hakuna anayekuja kuwaokoa. Nimeiangalia na watu wazima wa Arua ambao utoto wao uliwapitisha kwenye ukimbizi, wakati watu wengi wa eneo lote la West Nile walipohama wakavuka mpaka, na hapo hakuna aliyecheka dude la mpira. Waliielewa bila mtu kuwatafsiria.

Sasa kwa nini dunia ikaamini ni mambo ya watoto? Sababu zipo. Ile iliyofika Marekani mwaka 1956 ilikuwa imekatwa, wakamwingiza mwigizaji Raymond Burr kama mwandishi wa habari, na maneno mengi ya uchungu kuhusu bomu yakabaki sakafuni, na huko nje watu wengi waliijua hiyo kabla ya ile yenyewe. Halafu miaka ya 60 na 70 Toho wenyewe wakawageukia watoto kweli, Godzilla akawa shujaa, anapigana mieleka, anacheza. Hilo silikatai. Ila huwezi kuhukumu ukoo mzima kwa watoto wawili watatu watundu.

"Yanatembea polepole, waliotengeneza walikosea"

Hawakukosea! Hii shaka inasemwa na watu wanaojua mpira, wanaojua magari, na bado wanaikosa. Roboti la Pacific Rim liitwalo Gipsy Danger lina urefu wa mita 79, hiyo ni zaidi ya ghorofa ishirini. Kitu kikianguka kutoka mita 2 kinagusa chini kabla sekunde moja haijaisha. Kikianguka kutoka mita 80 kinachukua kama sekunde 4. Kwa hiyo mkono wa roboti ukishuka kwa sekunde nne macho yako yanaambiwa ukweli, na ukishuka kwa nusu sekunde utaona mtu mdogo aliyevaa maboksi. Lori la mafuta linaloingia Malaba halikati kona kama boda, na hakuna anayelilaumu.

Wazee wa Toho walilijua hili bila kompyuta yoyote. Haruo Nakajima ndiye aliyekuwa ndani ya lile vazi la 1954, vazi zito la karibu kilo 100, na kamera zilizungushwa haraka kuliko kawaida ili picha ikionyeshwa iende polepole na dude lionekane na uzito.

Kama unataka kulalamika kisayansi, lalamika hapa: dude la namna hiyo haliwezi kusimama kabisa. Galileo aliliandika hilo toka 1638. Ukimrefusha mnyama mara 10 kwa pande zote, nguvu ya mifupa inaongezeka mara 100 lakini uzito unaongezeka mara 1000, kwa hiyo miguu inavunjika kabla hajapiga hatua. Sawa, ni kweli, na kila mtengenezaji anajua, na ndo maana kazi yao yote ni kukufanya uusikie ule uzito mpaka usahau Galileo.

"Usiku na mvua ni kuficha picha mbovu"

Kidogo kuna ukweli, giza linasaidia, hilo wenyewe wa kazi wanalijua. Lakini maji? Maji ni kati ya vitu vigumu na vya gharama zaidi kutengeneza kwenye kompyuta, mawimbi, povu, matone yanayoteleza kwenye chuma, mtu anayetaka kujificha hawezi kwenda kujificha baharini. Mvua imewekwa kwa sababu jicho linajua tone la mvua lina ukubwa gani, ukiona maelfu ya matone yanashuka kwenye bega moja unajua bega hilo ni kubwa kiasi gani. Na wale waigizaji wa Pacific Rim ndani ya kichwa cha roboti walikuwa kwenye chumba halisi kilichojengwa juu ya mitambo ya kutikisa, wanamwagiwa maji kweli. Na anayetaka mchana aangalie Godzilla Minus One anavyoingia Ginza, jua linawaka na kila kitu kinaonekana.

"Treila mbaya, muvi mbaya"

Treila mara nyingi inatolewa wakati picha za kompyuta bado hazijakamilika, muziki wake kwa kawaida siyo wa muvi, na mara nyingi inakatwa na kampuni nyingine kabisa. Mnamkumbuka Sonic, yule mnyama wa bluu wa gemu, kwenye treila ya 2019 na yale meno? Watu walipiga kelele, wakamchora upya, muvi ikasogezwa kutoka Novemba 2019 mpaka Februari 2020. Kilichotoka siyo kilichokuwa kwenye treila ya kwanza. Tuendelee.

"Bila dola milioni mia mbili hakuna dude la maana"

Hii inaniudhi kuliko zote kwa sababu inawafunga midomo vijana wetu. Pacific Rim ilitumia kama dola milioni 190, sawa. Godzilla Minus One ya 2023 haikufika dola milioni 15, picha zake za efekti zilikuwa 610, zilifanywa na watu 35 tu, na Machi 2024 ikachukua tuzo ya Oscar ya efekti, ya kwanza kabisa kwa Godzilla toka azaliwe 1954. Waliwezaje? Mwelekezaji Takashi Yamazaki ndiye huyo huyo aliyesimamia efekti, anaona picha, anasema hapa ndiyo, hapa hapana, kazi inaendelea saa hiyo hiyo, wakati kule Hollywood picha moja inaweza kupita kwa mabosi kibao na kurudiwa na kurudiwa, na kila kurudia ni hela.

Na sisi tunahitaji kuambiwa na Wajapani? Isaac Nabwana hapa hapa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa hela inayosemekana haikufika hata dola 200, helikopta zinalipua mji, na kompyuta aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri vya mitumba. Picha zake siyo safi, lakini watu wa nchi za mbali wanamjua, wamemfuata mpaka Wakaliga. Siku mtu wa hapa atamtoa dude Ziwa Victoria likapanda Port Bell mimi nitakuwa mstari wa mbele kwenye foleni.

"Ikianguka Marekani imeanguka"

Pacific Rim ilipata kama dola milioni 411 duniani, na Marekani na Kanada kwa pamoja ni kama milioni 101 tu. China peke yake iliingiza zaidi ya hiyo milioni 101.

"Kwa VJ hujaangalia kitu"

Watu wa sinema za kisasa za Acacia hapa Kampala wanapenda kusema hivi, na nawaambia kwa heshima, mnawakosea watu. Vibanda vya kuonyeshea muvi ndo vilivyotulea. VJ Jingo, VJ Junior na wenzao, yaani wale wanaotafsiri muvi kwa sauti zao, wanapunguza sauti ya muvi, wanaeleza kwa Kiganda nani ni nani na kwa nini amekasirika, na mtu ambaye hakuwahi kukaa darasani anatoka pale akijua stori nzima kuliko yule aliyekaa Acacia anachati. Kile unachopoteza ni kimoja, sauti, na kwa muvi za madude sauti ni nusu ya dude. Ule mlio wa Godzilla wa kwanza mtunzi Akira Ifukube aliupata kwa kusugua nyuzi za besi kubwa kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari, hakuna mnyama yeyote pale. Mlio wa namna hiyo VJ akiongea juu yake umekwenda. Kwa hiyo mwenye uwezo aende mara moja kwenye spika kubwa, alafu arudi kwa VJ kwa stori. Mimi hufanya zote mbili.

Shaka ninayoikubali

Ipo moja. Ni pale aliyeijenga dunia ya muvi anapoondoka kwenye kiti na wengine wanaachiwa madude yake. Pacific Rim ya pili, ya 2018, del Toro hakuielekeza, alikuwa Steven S. DeKnight, maroboti yakawa mepesi, yanaruka ruka mchana kweupe kama watu wa sarakasi, ule uzito niliouelezea pale juu ukapotea, na mauzo yakashuka mpaka kama dola milioni 290.

Na Supernova nayo imebadilisha mwelekezaji. Adam Wingard aliyefanya zile mbili za mwisho ametoka, ameingia Grant Sputore, na watu wanauliza huyu ni nani. Ni yule wa I Am Mother ya 2019, muvi ndogo, binti mmoja analelewa na roboti ndani ya handaki. Lile roboti halikuwa picha ya kompyuta, lilikuwa vazi halisi lililotengenezwa na Weta Workshop, na ndani yake kulikuwa na mtu, Luke Hawker, anatembea, anainama, anamshika mtoto. Mtu huyu anajua chuma kina uzito gani kikiwa karibu na mwanadamu. Ninachotaka kujua mimi ni kama watamwachia nafasi ya kutumia hiyo akili akiwa na madude ya urefu wa mita mia, au watamharakisha.